Kubana, Kukandamiza na Kufua: Kanieneo, Fuwele za Chuma na Msamiati wa Wahunzi wa Meru na Embu

Katika mazungumzo baina ya walimu wa lugha na walimu wa sayansi, swali moja halikosi kurudi: je, Kiswahili kinaweza kueleza jambo la fizikia ya siku hizi bila ya kugeuka kuwa Kiingereza kilichovikwa viambishi? Swali hili likijibiwa kwa jumla, majibu huwa ya kishabiki tu, ama ya ndiyo ama ya hapana. Afadhali kuchukua jambo moja, tena gumu, na kulipitisha katika lugha hatua kwa hatua, ili ionekane ni wapi lugha inatosha, ni wapi inakwama, na ni wapi inaona hata kile ambacho istilahi ya kigeni imekificha. Jambo lililochukuliwa katika makala haya ni jinsi kanieneo inavyobadili umbo la fuwele za maada zenye chuma, na jinsi badiliko hilo linavyoziwezesha baadhi ya maada hizo kupitisha umeme bila ya ukinzani wowote.

Uwanja wa mjadala ni Meru na Embu. Chuma kilipatikana na kufuliwa katika sehemu hizi za mashariki ya Mlima Kenya kabla ya kuja kwa reli na bidhaa zake, na lugha za huko zina msamiati wa uhunzi ulio ndugu wa msamiati wa Kiswahili. Siku hizi pana vyuo vikuu pia: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilipata hati yake mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Fizikia hufundishwa humo kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini mwanafunzi aliyezaliwa katika ukoo wa wahunzi bado hujifunza habari za chuma kana kwamba chuma kilianza kujulikana siku alipofunguliwa kitabu.

Chuma cha Mbeere

Nyanda za Mbeere, zinazoteremka kutoka Embu hadi mto Tana, zimelala juu ya miamba ya kale sana ambayo iligeuzwa umbo chini ya ardhi kwa joto na kanieneo. Ni tofauti na miteremko ya juu, yenye udongo mwekundu uliotokana na volkeno. Miamba ile ya kale inapomomonyoka, mvua huchukua chembe nyeusi nzito na kuziacha katika mikondo ya vijito. Chembe hizo ni magineti, mchanganyiko wa chuma na oksijeni, na ndizo zilizokuwa mali ghafi ya wahunzi. Zilikusanywa, zikaoshwa majini hadi mchanga mwepesi ukaondoka, kisha zikachomwa pamoja na makaa katika tanuri fupi lililopulizwa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi yenye midomo ya udongo. Jean Brown alichapisha maelezo ya kazi hiyo ya Mbeere ya kusini katika jarida la Mila, Nairobi, mwaka 1971. Desturi iliyo karibu sana na hiyo, ya kuosha mchanga na kupata chuma, ilielezwa kwa upande wa Agikuyu na W. S. Routledge na mkewe katika kitabu chao cha mwaka 1910, na baadaye na Jomo Kenyatta mwaka 1938.

Hapa yafaa kusahihisha usemi mmoja ulioenea. Husemwa na kuandikwa kwamba wahunzi hao "waliyeyusha" chuma. Hawakukiyeyusha. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi, na tanuri la mivukuto halifiki huko. Hufanya kazi kwenye nyuzi 1200 hivi. Kinachoyeyuka ni uchafu, ambao Kiswahili huuita kwa jina lake la wazi, mavi ya chuma. Chuma chenyewe hubaki kigumu, kimeshikamana kama donge lenye matundu, na uchafu mwingine umenaswa ndani. Ndipo ifikapo kazi ya nyundo. Donge hupashwa moto tena, huwekwa juu ya fuawe na kupigwa mpaka uchafu utoke na matundu yazibe. Kitenzi cha kazi hii katika Kiswahili ni fua. Katika Kigikuyu na jamaa zake wa Embu na Mbeere ni tura, na mwenye kazi huitwa mũturi.

Msomaji asiyezoea isimu linganishi huenda asione undugu wowote baina ya fua na tura. Hata hivyo, hayo ni neno moja. Irabu finyu u ya Kibantu cha kale iliigeuza t iliyoitangulia kuwa f katika Kiswahili, ilhali katika lugha za mlimani t ilibaki. Nayo konsonanti ya mwisho wa mzizi, inayosikika kama r katika tura, ilidondoka katika Kiswahili na kujitokeza tena katika maumbo kama fulia. Ushahidi wa kanuni hii haupo mbali. Kigikuyu kina tuma, kushona, na tũma, kupeleka mtu au ujumbe. Kiswahili kina fuma kwa lile la kwanza na tuma kwa lile la pili. Irabu ile finyu ndiyo iliyotenganisha jozi zote mbili.

Mtu asiharakishe kuueleza undugu huu kwa simulizi la Mbwaa. Wameru husimulia kwamba wazee wao walitoka katika kisiwa cha pwani ambako walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntuni, yaani nguo nyekundu, waliowapa majaribu yasiyowezekana. Mojawapo lilikuwa kutengeneza mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Ni simulizi lenye uzito wake, na wanahistoria kadhaa wamekitafuta kisiwa hicho katika eneo la Lamu. Lakini fua na tura zilikwisha kuachana zamani mno kabla ya safari yoyote iwezayo kukumbukwa na wazee.

Matumizi ya fua katika Kiswahili ni mapana. Hufuliwa chuma, fedha na dhahabu, hufuliwa nguo, hufuliwa nazi. Katika Tanzania hufuliwa hata umeme: mitambo ya maji huitwa mitambo ya kufua umeme. Ni bahati njema ya lugha kwamba maneno haya yanakutana mahali pamoja. Mto Tana, kwenye mpaka wa Mbeere, umejengewa mabwawa ya Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Umeme huondoka huko kwa nyaya, na sehemu yake hupotea njiani kwa kuzipasha nyaya joto. Kinachosababisha upotevu huo ndicho kinachoitwa ukinzani, na maada ambazo hazina ukinzani kabisa ndizo zinazozungumzwa katika sehemu inayofuata.

Kutoka nyundo hadi fuawe za almasi

Mhunzi hubadili chuma kwa njia mbili, moto na pigo. Kwa moto hubadili mpangilio wenyewe wa atomu, ingawa hakuwa na neno lake. Chuma baridi kina fuwele ambazo atomu zake zimekaa katika pembe nane za mchemraba, na moja katikati. Kinapofika nyuzi 912, rangi yake ikiwa nyekundu inayoelekea machungwa, atomu hujipanga upya: zinakuwa katika pembe za mchemraba na katikati ya kila uso wake. Mpangilio huu umesongamana zaidi, kwa hiyo chuma, ambacho kilikuwa kikitanuka kwa joto, hunywea kidogo kwa ghafla. Pigo la nyundo halifiki kiasi cha kubadili aina ya mpangilio. Linavunjavunja punje za fuwele na kuzifinyanga upya, na kutoa uchafu.

Ili kanieneo peke yake ibadili mpangilio wa atomu za chuma bila ya moto, inahitajika gigapaskali 13 hivi, yaani kiasi cha mara 130,000 ya uzito wa hewa juu ya uso wa dunia. Takwimu kama hizi hazimwambii mtu kitu mpaka zilinganishwe. Kilele cha Mlima Kenya, ambao Waembu huuita Kirinyaga na Wameru Kirimaara, kiko mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Nguzo ya mwamba yenye urefu huo hukandamiza kitako chake kwa kiasi cha gigapaskali 0.14. Ingehitajika kupachika nguzo kama hizo tisini na tano, moja juu ya nyingine, ndipo chuma kilicho chini kibadilike. Kikibadilika, atomu zake hujipanga katika umbo la pembesita, na chuma hupoteza usumaku wake. Badiliko hili liligunduliwa mwaka 1956 kwa njia ya mawimbi ya mshindo.

Kwa kanieneo ya kudumu, wanasayansi walihitaji chombo kingine. Percy Bridgman wa Harvard, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1946, alijenga mashinikizo yenye nguvu nyingi. Na mwishoni mwa miaka ya 1950 kilibuniwa katika Marekani chombo kidogo kinachoshikika mkononi, ambamo kipande cha maada huwekwa baina ya ncha mbili za almasi na kubanwa kwa skrubu. Kiingereza kimekiita kwa jina la fuawe ya mhunzi, na Kiswahili hakina haja ya kutafuta zaidi: fuawe za almasi. Kitenzi fua kinasikika wazi ndani ya jina hilo. Lakini neno hili lina kasoro ambayo haina budi kutajwa. Fuawe ya mhunzi hungoja pigo kutoka juu, ilhali hapa hakuna kinachopigwa. Fuawe mbili zinakabiliana na kusogeleana polepole. Kasoro hiyo imo katika Kiingereza vile vile, wala haijamzuia mtu kufanya kazi.

Mwaka 2001 Katsuya Shimizu na wenzake wa Osaka walitangaza kwamba chuma safi, kikiwa katika umbo lile la pembesita, kwenye kanieneo ya kati ya gigapaskali 15 na 30 na kwenye halijoto iliyo chini ya Kelvini 2, hupoteza ukinzani wake wote. Habari hiyo iliwashangaza wengi. Tangu Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden alipogundua jambo hili katika zebaki mwaka 1911, kwenye Kelvini 4.2, yaani nyuzi 269 chini ya sifuri, chuma kilihesabiwa kuwa adui yake. Usumaku wa chuma huharibu ule ushirika wa elektroni mbili mbili ambao unaziwezesha kupita bila ya kukwama. Kanieneo, kwa kuuvunja usumaku, ilikuwa imemgeuza adui kuwa mwenyeji.

Tabaka za chuma

Ugunduzi mkubwa zaidi ulikuja kwa njia ya pembeni. Hideo Hosono na wenzake katika Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo walikuwa wakishughulika na maada nyingine kabisa, zile za kupitisha umeme huku zikipenyeza mwanga. Mwaka 2006 walikuta mchanganyiko wa lanthanamu, chuma, fosforasi na oksijeni usio na ukinzani kwenye Kelvini 4 hivi. Mwaka 2008, baada ya kuweka aseniki mahali pa fosforasi na florini mahali pa sehemu ya oksijeni, halijoto hiyo ilipanda hadi Kelvini 26. Mwaka huo huo mchanganyiko huo ulitiwa katika kanieneo ya kiasi cha gigapaskali 4, sawa na nguzo kama ishirini na tisa za Kirinyaga, na halijoto ikafika Kelvini 43. Kanieneo ilipozidishwa, halijoto ilianza kushuka tena.

Muundo wa maada hizi si mgumu kuueleza. Atomu za chuma zimejipanga katika tabaka bapa, kama wavu wa miraba. Juu na chini ya kila tabaka zipo atomu za aseniki, hivyo kwamba kila atomu ya chuma imezungukwa na aseniki nne zinazofanya umbo la nyuso nne za pembetatu. Baina ya tabaka hizo huwekwa tabaka za vitu vingine. Maada ambayo haijatiwa florini ina ugonjwa wake: inapopozwa, kwenye Kelvini 155 hivi, miraba ya wavu hunyooshwa upande mmoja na kuwa mistatili, na muda si mrefu usumaku hupangika. Katika hali hiyo haipitishi umeme bila ya ukinzani hata ikipozwa namna gani. Kutia florini, au kutia kanieneo, huizuia miraba isiharibike na kuulegeza usumaku. Na wengi wa wataalamu huona kwamba mitikisiko ya usumaku uliolegezwa hivyo ndiyo inayozifunga elektroni mbili mbili. Usumaku uliopangika huua, na usumaku unaotikisika hulea.

Imeonekana pia kwamba halijoto ya juu zaidi hupatikana pale ambapo umbo la nyuso nne limekaribia ukamilifu, pembe zake zikiwa nyuzi 109.5. Kanieneo, kwa hiyo, hutenda kazi ya kurekebisha pembe. Ikiwa pembe zilikuwa zimepotoka, kanieneo huzileta mahali pake. Ikiwa zimekwisha kukaa sawa, kanieneo huzipotosha. Hivyo inaeleweka kwa nini maada moja hupandishwa na nyingine hushushwa kwa nguvu ile ile. Mfano wa ajabu ni ule wa chuma na seleniamu, maada sahili kuliko zote, isiyo na kitu kingine baina ya tabaka zake. Ilitangazwa Taiwan mwaka 2008 ikiwa na Kelvini 8 tu. Kwenye gigapaskali 9 hivi ilifika karibu Kelvini 37. Kupita hapo, fuwele zake huanza kugeuka kuwa za pembesita, na sifa hiyo hutoweka. Pembesita ile ile ambayo ndiyo kinga ya chuma safi ndiyo mauti ya chuma chenye seleniamu.

Swali la kitenzi

Mpaka hapa makala yametumia neno kanieneo, lililoundwa kwa kani na eneo, ambalo limo katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Ni neno zuri kwa hesabu, kwa kuwa linabeba fasili yake ndani yake: kani kwa kila eneo. Waandishi wengi, hata hivyo, hulikwepa na kuandika shinikizo, au mgandamizo, au mkazo, kila mmoja kwa mazoea yake. Wanaisimu watakumbuka kwamba mkazo wameshautwaa wao kwa ajili ya silabi. Huenda ikadhaniwa kwamba vurugu hii ni dalili ya umaskini wa lugha. Ukweli ni kinyume chake.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kutia nguvu juu ya kitu, na karibu kila kimoja hutaja upande ambao nguvu hutoka. Mtu hubanwa baina ya vitu viwili, kama kidole mlangoni. Hukandamizwa kutoka juu. Hufinywa kwa ncha mbili za vidole. Udongo hushindiliwa ndani ya shimo. Mbegu husindikwa zitoe mafuta. Unga hukandwa pande zote kwa zamu. Msemaji hawezi kukosea: asiyeweza kufafanua tofauti hizi hata hivyo hatasema kwamba ameshindilia kidole chake mlangoni.

Mtu wa fizikia angeuliza faida ya tofauti hizi. Faida yake ilidhihirika mwaka 2008 katika maada ya kalsiamu, chuma na aseniki. Maada hii ni laini mno. Kanieneo ya gigapaskali 0.35 tu, isiyozidi nguzo mbili na nusu za mlima, inatosha kuifanya fuwele yake iporomoke: tabaka husogeleana, na kimo cha fuwele hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi, huku kitako chake cha mraba kikitanuka. Makundi mawili ya watafiti yalitangaza mwaka huo kwamba maada hiyo, kwenye kanieneo isiyofika gigapaskali 1, hupoteza ukinzani karibu na Kelvini 12. Mwaka uliofuata jaribio lilirudiwa kwa kuizungushia maada hiyo heliamu badala ya vimiminiko vilivyotumika kwanza. Sifa hiyo haikuonekana.

Tofauti ilikuwa katika namna ya kubana. Heliamu hubaki laini hata katika baridi kali, hivyo hukibana kitu sawasawa pande zote. Vimiminiko vile vingine vilikwisha kuganda. Vilipoganda, fuwele ilipokuwa ikiporomoka havikuweza kuifuata, ikabanwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Ndani ya fuwele hiyo iliyopotoshwa vikabaki vipande vyenye umbo tofauti na vingine. Sifa ile iliyotangazwa mwaka 2008 ilitokana na ukosefu wa usawa. Kwa Kiingereza majaribio yote mawili yaliitwa kwa neno moja, likafuatwa na kivumishi kirefu cha Kigiriki ili kuyatenganisha, nacho kivumishi hicho mara nyingi huachwa na wenye haraka. Mwandishi wa Kiswahili aliyezoea lugha yake angelazimika kuchagua kitenzi tangu mwanzo, na kitenzi hicho kingemuuliza: nguvu hiyo inatoka wapi?

Kwa hiyo pendekezo linalotokana na mfano huu ni kwamba kanieneo ibakizwe kwa ile nguvu iliyo sawa pande zote, ambayo haina upande wa kutajwa, na ambayo fasili yake ya kihesabu inaitosha. Mkandamizo uachiwe nguvu ya kutoka upande mmoja dhidi ya kitako. Mbano uachiwe ile ya pande mbili zinazokabiliana. Shinikizo, ambalo siku hizi limechukuliwa mno na siasa na mambo ya benki, laweza kuachiwa huko huko. Mwalimu atakayepinga kwamba istilahi tatu ni nyingi kwa mwanafunzi azingatie kwamba mwanafunzi huyo amekuja darasani akiwa nazo zote tatu.

Jina la sifa yenyewe

Hapa ndipo lugha inapokwama. Sifa ya kutokuwa na ukinzani imezungushwa katika makala haya kwa maneno mengi, kwa sababu jina lililo rahisi kubuni ndilo jina la makosa. Mtu atapenda kusema "upitishaji kamili". Lakini mwaka 1933 Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walionyesha kwamba maada hizi hufanya zaidi ya kupitisha: huufukuza uga wa sumaku kutoka ndani yao. Kipitishi kamili, yaani kitu chenye ukinzani wa sifuri tu, kisingefanya hivyo. Kingeukamata uga uliokuwamo na kuushikilia. Kwa hiyo "kamili" ni jina la kitu kingine, kitu cha kufikirika ambacho wanafizikia hukitumia hasa ili kuonyesha kwamba maada hizi si hicho. Tafsiri hiyo ingemfundisha mwanafunzi kosa ambalo jaribio la 1933 lilikuwa limekwisha kulisahihisha.

Yabaki mawili. La kwanza ni kukopa: superkondakta. Ni neno lisilo na aibu, kwani kondakta ameshazoeleka Afrika Mashariki, ingawa hapa Kenya atamletea msomaji picha ya kijana aningʼiniaye mlangoni mwa matatu. La pili ni upitishaji mkuu, na vipitishi vikuu. Mkuu hudai cheo tu, hadai ukamilifu, na huacha nafasi ya sifa nyingine kuelezwa baadaye. Hili la pili linaelekea kufaa zaidi, walau kwa maandishi.

Kanieneo isiyo na mbanaji

Limebaki jambo moja ambalo huwatatiza watafsiri kuliko yote. Baada ya kanieneo kufikisha ile maada ya lanthanamu hadi Kelvini 43, watafiti wa China walijiuliza kama wangeweza kupata matokeo kama hayo bila ya chombo chochote. Waliitoa lanthanamu na kuweka badala yake samariamu, ambayo atomu zake ni ndogo zaidi. Tabaka zikasogeleana zenyewe, na halijoto ikafika Kelvini 55. Kiingereza huiita njia hii kwa jina lenye maana ya kanieneo ya kikemia, usemi wa sitiari, kwa kuwa hakuna anayebana. Kilichobadilika ni ukubwa wa wakaao humo. Ukitafsiriwa neno kwa neno, msomaji wa Kiswahili ataitafuta kani na eneo lake, asiione.

Mofolojia ya Kiswahili imekwisha kulitatua jambo hili. Watu katika matatu iliyojaa hawakubanwa na mtu, wamebanana. Kiambishi cha kutendana kinamwondoa mtendaji wa nje na kuiweka hali baina ya wahusika wenyewe. Msongamano umeundwa kwa njia iyo hiyo, na hakuna anayeuliza nani aliyesonga. Basi mbanano wa kikemia utasema kile ambacho Kiingereza kinakisema kwa sitiari, na sentensi itasimama bila ya maelezo: kwa mbanano wa kikemia tabaka za chuma husogeleana kama zisogeleanavyo kwa kanieneo, lakini mbanano hauwezi kuondolewa kwa kulegeza skrubu.